Kuzunguka Bwawa

Doreen alinifunga kanda mwenyewe, kapiga goti thelujini,
kanda za marehemu Rosaire, tundu la mwisho alilitoboa kwa msumari
mwaka ule mwili wake ulipoanza kupungua.
"Zimekutosha," akasema, asinitazame.

Saa tatu asubuhi, Jumanne, nje kidogo ya mji wa Bethel, Maine.
Tumetoka zamu ya usiku,
mikono yetu bado inanuka sabuni ya nyumba ya wazee.
Njia inapoanzia pana kisanduku, ndani daftari
na penseli iliyofungwa uzi kama mbuzi.
Doreen akaandika: Wawili. Bwawani tu. Si kileleni.

Somo lilikuwa fupi.
Tanua miguu, tembea kama mtoto mwenye nepi iliyolowa.
Usikanyage kiatu kwa kiatu.
Na viatu hivi havirudi kinyumenyume:
ukijaribu, mkia wake utachoma theluji
nawe utakaa chini bila kukaribishwa.
Ukitaka kurudi, zunguka.

Nikajaribu.
Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Theluji. Lugha yangu imenipa neno hilo moja,
nikalitumia kwa ile ya juu, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa,
nikalitumia kwa ile ya chini yake, iliyoshika ukoko kama wali,
na ile iliyoporomoka kutoka msonobari ikaniingia shingoni
nikaiita kwa neno jingine kabisa.
Doreen hajui Kiswahili. Mungu anajua.

Kisha miti ikaisha
na mbele yetu weupe umelala, umenyooka, hauna unyayo
ila wa sungura mmoja aliyebadili nia katikati.
"Hapa ni maji," akasema Doreen.
Mimi mtoto wa Uvira, nilikulia kando ya ziwa lisilofunga mdomo
usiku wala mchana; maji haya yalinyamaza
kama mtu aliyekasirika mezani.

Ndipo bwawa likaguna.
Mguno mrefu, kutoka ng'ambo hadi chini ya nyayo zangu.
Nikamshika Doreen koti.
"Linajinyoosha tu. Rosaire alikuwa akiliitikia."
Akasimama kidogo. Hakuliitikia.

Mama alizoea kusema maji yakimwagika hayazoleki.
Mwezi wa kumi nilimmwagia kaka yangu Lubunga maneno, kwa simu,
kwa sababu ya kiwanja cha baba,
na mengine hayakuhusu kiwanja.
Nikavua glavu. Nikainama. Nikazoa.
Maji yakakaa kiganjani yakanisubiri,
mpaka yakaanza kuniunguza.

Upande wa mbali pana kichuguu cha vijiti na matope, nyumba ya biva,
na juu yake tundu dogo linalotoa mvuke.
"Wamelala," akanong'ona Doreen
kwa sauti ileile ya chumba namba tisa, saa kumi za usiku,
tunapomgeuza Bi Thibodeau ubavu wa pili.
Tukapita kwa ncha za vidole, jambo lisilowezekana kwa viatu vile.
Tukacheka hadi kope zikagandamana.

Chai ya tangawizi, kikombe kimoja, zamu kwa zamu.
Alama za buluu kwenye magome ya miti.
Daraja la mbao ambalo nilianguka tena, mara ya nne.
Halafu, kabla sijajua, nyayo pana kama masinia
zikielekea kule tulikotoka, na kilikuwa kiatu changu.
Sikurudi nyuma hata hatua moja. Nimerudi.

Ndani ya gari nilitazama simu. Uvira jua linakuchwa.
Sikuandika habari za kiwanja.
Niliandika: Leo nimetembea juu ya maji. Nimeanguka mara nne.
Doreen alikuwa nje anakwangua kioo,
viatu vya Rosaire kavijaza kwapani,
na sikumwambia ashuke navyo wala abaki navyo.

Tiki moja.
Kioo kikafunguka kidogo, ukubwa wa sahani.
Tiki mbili.