Mgao wa Saa Tisa

Bomba la Nkuhungu hukohoa saa tisa usiku,
hutema upepo, kisha kutu, ndipo maji.
Hunikuta macho.
Tangu mkataba uishe nalala kama anayengoja kuitwa jina,
moyo mbio, godoro moto,
kichwa kikinisomea makosa yangu tangu darasa la nne.

Zamani nilibishana nacho. Kilishinda.
Siku hizi nakiacha kiseme,
naenda kushika ndoo.

Ya bluu kwanza, ya kupikia.
Kisha ile yenye ufa niliyoiziba kwa mfuniko ulioyeyushwa:
inavuja, lakini jikoni inafika.
Vidole vinaijua baridi ya Juni,
nyayo zinaijua saruji.
Kwa dakika hizo sina kesho.

Ng'ambo ya ua Mama Nyemo naye anakinga.
"Hujalala?"
"Sijalala."
"Hata mimi."
Miezi mitatu nilidhani taa ile ni ya wenye raha.

Sijapona, nisikudanganye.
Jana sikuchana nywele mpaka jioni.
Ila ndoo sita zimejaa,
na kukicha, mche wangu wa mzabibu, majani manne tu,
utapata kikombe chake,
nami changu.