Glavu ya Kushoto

Masanduku kumi na tisa yameshushwa leo asubuhi
mlango wa nyuma wa maktaba, hapa Halifax,
kwenye mvua ya huku isiyo na haraka ya kwenda popote.
Mpwa wake kaweka saini, kaondoka. Chai hakutaka.
Kila sanduku limeandikwa kwa kalamu nene: THELMA, BARUA.

Thelma Barraclough. Ukilitaja jina hilo mjini
watu hukupungia mkono wa kushoto,
hata dereva wa basi, yule mnuno.

Walimpiga rula, mwaka thelathini na sita,
kwa kosa la kushika chaki kwa mkono uliomtii.
Nami Tanga nilifinywa kwa kosa hilohilo,
sambusa nimeipokea kwa kushoto, wageni wanatazama.
Nadhani walimwengu walikaa kikao kimoja.

Miaka kumi na minne, kiwanda cha mazulia.
Mitambo ilinguruma hata watu wakasomana midomo;
huko, alipenda kusema, ndiko alikojifunza
kwamba neno la ziada ni mzigo wa taya.

Usiku, mezani jikoni, nyuma ya karatasi za hesabu za nyuzi,
akamzaa shujaa: glavu moja, ya sufu, nyekundu,
iliyodondoka thelujini, ikaokotwa, ikavikwa ncha ya chuma cha ua
kama wafanyavyo huku kwa kitu cha mtu wasiyemjua.
Ikashuka yenyewe, ikitembelea vidole,
kumtafuta pacha wake.

Wachapishaji tisa walikataa.
Wa tano aliuliza: "Bibi, nani atalilia glavu?"
Barua hiyo aliitundika chooni miaka hamsini,
na pembeni, kwa penseli, akawa anaongeza majibu:
Leeds. Cardiff. Norwei. Japani. Mke wako, nimekutana naye.

Vitabu ishirini na saba.
Glavu sokoni kwa wauza samaki Grimsby,
glavu katika treni bila tiketi,
glavu mfukoni mwa jaji, ikisikiliza kesi;
na kila ukurasa wa mwisho, ile ya kulia
ndiyo kwanza imeondoka, kiti bado kina joto.

Alitaka zikutane kitabu cha kumi.
Mhariri alicheka kwa adabu, akamwongezea chai:
"Zikikutana, Thelma, sisi tutakula nini?"
Mama yake alikuwa mgonjwa ghorofani, paa linavuja.
Akaandika cha kumi na moja.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Kuna kanda ya redio
anasikika akisema, taratibu, kama anaagiza mkate,
kwamba angetamani nondo waile, uzi kwa uzi.
Lakini watoto aliwajibu. Wote. Kwa mkono.
Kiganja cha mashoto huburura wino mbichi,
basi kila jibu lina ukungu wa buluu
unaoyafuata maneno kama mbwa.

Nakala zake zimo humu, kila moja na barua yake.
Isipokuwa moja. Sanduku la kumi na mbili.
Rukhsana, miaka saba, Barabara ya Gibbet, mwaka sabini na nne:
"Je, ya kulia nayo inamtafuta?
Au imeshazoea mkono mwingine?"

Nyuma yake, kwa pini iliyoshika kutu, karatasi kumi na moja.
"Mpendwa Rukhsana," na mkato.
"Mpendwa Rukhsana," na mkato, na ukungu wa buluu.
Ya mwisho ina tarehe ya mwaka juzi,
mwandiko unatetemeka, mkato umekuwa mrefu
kama ngazi ya kushukia mahali.

Jioni. Mlinzi anachezesha funguo makusudi.
Daftari langu lina safu mbili: iliyopokelewa, iliyojibiwa.
Nimehamisha kalamu mkono ule mwingine,
ule wa sambusa,
nikaandika kwa herufi zilizopinda, za mtoto:
Moja. Jibu liko njiani.