Mwiba Ukurasani

Jumanne, saa moja ya usiku, Novemba,
maktaba ya bonde la Wensley imebakiwa na chumba kimoja chenye joto.
Tumo sita. Vikombe vya chai, makoti yanayochuruzika,
na kitabu cha mtu asiye na jina
aliyefariki kabla viazi havijafika nchi hii.

Mchana kutwa mimi hufunga jibini kwa plastiki, kiwandani.
Nilikuja kwa ubishi: kaka yangu alisema sitamaliza ukurasa.
Nusura aseme kweli.
Lugha ni yangu, naiona kabisa ni yangu,
ila imenipa mgongo, kama shangazi
aliyeudhika kabla sijazaliwa.

Ipo herufi waliyoiita mwiba.
Ilikuwa na kazi yake, ile sauti ya ulimi kati ya meno,
ya thelathini, ya themanini.
Kisha mitambo ya kuchapa ikaletwa kutoka ng'ambo,
na ndani ya masanduku ya herufi mwiba haukuwemo.
Ukang'oka hivyo hivyo, bila matanga.
Nami kila nikiukuta unanichoma,
narudi nyuma, naanza mstari upya.

"Msisome kwa macho," anatuambia Bi Rosalind Thwaite,
"macho yana haraka. Yapeni meno kazi."
Basi tunatafuna.
Mtunzi huyu hana vina mwishoni, vina vyake viko mbele:
neno linabisha hodi, la pili linabisha, la tatu linabisha,
la nne linabaki nje kwenye baridi.
Maji yakameza mawe na matope, na kinu.
Ndivyo ninavyousikia, kwa makosa yangu.

Ni msagaji ambaye mto ulimchukulia kinu.
Analalama mistari mia tatu. Anamlaumu padri. Anawalaumu bata.
Neno moja, mto, ameliandika kwa namna tatu
katika ukurasa mmoja, wala hapana aliyempigia mstari mwekundu.
Nilicheka kitandani saa nane za usiku,
mimi na marehemu wa miaka mia sita, tukicheka bata.

Bwana Alwyn Metcalfe huja na kitabu cha mkewe.
Hester alilipia viti viwili mwezi wa saba,
mwezi wa tisa wakamzika.
Yeye ni mtu wa kondoo. Hasomi kwa sauti.
Hukaa karibu na mlango,
hufungua palipo na penseli ya Hester, hutazama.

Leo tumefika mstari wa mia na kumi na mbili,
kwenye neno ambalo faharasa imelikimbia:
maana haijulikani, labda aina ya mvua.
Bi Thwaite akaliruka kwa adabu, kama mtu arukavyo dimbwi.

"Si mvua," akasema Bwana Metcalfe.
Sote tukageuka.
"Ni theluji. Ile inayojilundika nyuma ya ukuta, upepo usikofika,
juu ngumu, chini tupu. Kondoo hujibanza humo, wakafa wamesimama.
Ikiyeyuka yote kwa siku moja, kinu huna.
Baba alilitumia. Mimi nalitumia. Nililisema Februari."
Akalitamka.

Halikuwa limekufa. Lilikuwa malishoni tu
miaka yote hiyo, limevaa buti.

Bi Thwaite akatafuta kalamu, mkono haukutulia.
Bwana Metcalfe hakumwona. Alikuwa ameweka kidole ukingoni,
pale mkewe alipochora alama ya kuuliza,
ndogo, akaizungushia duara mara mbili.

"Alikuwa jikoni," akasema. "Mimi nilikuwa sebuleni.
Mlango ulikuwa wazi."

Hita ikalia. Mtu akavuta kiti.
Kisha, kwa kuwa hatukujua la kufanya,
tukasoma mstari wa mia na kumi na tatu, sote, kwa sauti,
naye safari hii akasoma:
msagaji amewarudia bata.