Chupa ya Siku ya Mia

Saa tisa na robo usiku, mashine imelia.
Navua glavu za sufi nivae za mpira.
Baridi ya Gangilonga mwezi wa saba haina adabu,
inaingia maabara bila hodi,
ila ndani ya kabati la chupa, usiku na mchana,
ni nyuzi thelathini na sita,
joto la kwapa la mtoto mzima.

Safu ya nne, chupa ya pili.
Jina hatuandiki. Tunaandika namba: 31.
Lakini nani asiyemjua Ponsiano Kiswaga,
aliyerudi kutoka Dodoma kwa njia ya Mtera
na barakoa mbili, moja juu ya nyingine,
akiuliza kila kituo kama karanga ruhusa.
Karanga, hakuna. Maziwa mgando, hakuna.
Kushika mbuzi, kulala chumba chenye ukungu ukutani,
kupeana mikono msibani:
hakuna, hakuna, bado.

Damu yake ya zamani ilikuwa na mundu.
Wakaifyeka yote, shina na mbegu,
kisha wakamtia uloto wa dada yake Desderia,
mfuko mmoja mwekundu, mzito kama uji wa ulezi.
Siku hiyo wakaiita sifuri.
Tangu hapo mvulana wa miaka kumi na minne
umri wake unahesabiwa kwa siku.

Kazi yangu ni kuhesabu wageni.
Ndani ya siku mia, nani kaingia, kwa mlango upi,
kakaa mpaka lini:
bakteria wa ngozi waliofuata mrija wa kifuani,
virusi waliolala tangu utotoni
wakaamka, wakakuta boma halina mlinzi.
Wagonjwa thelathini na mmoja, kutoka Makete hadi Mafinga.
Mistari thelathini na mmoja.

Tone kwenye kioo. Rangi. Nainama.

Chachu.
Kiyai cha zambarau na kichipukizi ubavuni,
kama mama aliyebeba mtoto.

Baba alikuwa mgema wa ulanzi, Kilolo.
Masika alikata vichwa vya mianzi asubuhi na jioni
akaning'iniza mbeta: to, to, to.
Mtogwa wa asubuhi mtamu, hata sisi watoto tulipewa.
Ukilala, ni mkangafu, unaangusha wanaume.
"Nani anauchachusha?" nilimuuliza.
"Hawaonekani," akasema, "ila hawakosi."
Sikujua kwamba ananitafutia ajira.

Na mfupa nao ni mwanzi.
Desderia walimlaza kifudifudi, wakamgema nyongani,
akaamka akiuliza kama zimetosha.

Saa mbili asubuhi Daktari Chengula anafungua jedwali.
"Mtoto aanze dawa."
Ameanza. Nilipiga simu wodini kabla ya saa kumi.
"Vizuri. Lakini kwenye utafiti usimwingize.
Chupa imelia siku ya mia na mbili. Sisi tumefunga mia."
Anasema kwa upole, hana ubaya.
Jedwali linapendeza bila hii:
safu ya fangasi wa damu, sifuri hadi chini.
Wageni wa wizara wametusifu juzi tu, kwa chai na sambusa.
Na mgema akisifiwa...

Nacheka peke yangu. Ananitazama.
Namsogezea fomu: damu imetolewa siku ya mia,
saa kumi na moja jioni, mwandiko wa nesi Onolata,
wino umevuja kidogo kwenye sifuri ya mwisho.
"Mgeni huhesabiwa siku aliyoingia, daktari,
si siku tuliyowasha taa tukamwona."

Baba alikuwa na madeni. Maji hakutia.

Daktari anavua miwani, anaifuta kwa tai,
muda mrefu kuliko uchafu uliopo.
"Andika," anasema.
Naandika.

Wodini joto ni thelathini na nane nukta nne.
Jana lilikuwa tisa.
Nje ya kioo, Desderia na kofia yake ya sufi
amempa kaka yake mgongo,
anakula karanga haraka haraka
asimtamanishe.