Rede Mjini Lakeland

Januari. Toledo imezikwa theluji hadi kwenye vioo vya magari,
nami nimeshuka Lakeland, Florida, na viatu vya njumu
na dawa ya kuchua niliyoinunua kabla sijaumia.

Jezi zetu zimetundikwa kwenye makabati ya wachezaji wenyewe.
Mgongoni mwangu: MBIKI. Herufi tano, zote zipo.
Hospitali ninayofanyia kazi, mwaka wa ishirini na mbili huu,
haijawahi kunipa zote tano siku moja.

Tuko hamsini na watatu. Mwanamke ni mimi.
Waliobaki ni mawakili, madaktari wa meno,
na fundi bomba aliyeuza boti alipie wiki hii,
vitambi vimeshindiliwa kwenye suruali nyeupe kama unga mfukoni.
Wakiwaona wale wazee waliowaabudu utotoni
wanaita, "Lonnie! Lonnie!"
na sauti zinawavunjika upya, wavulana wa darasa la saba.

Lonnie Thibodeaux alirusha mpira kwa mshahara miaka kumi na mmoja.
Leo ana sitini na sita, na kikombe cha kahawa
anakiinua kwa mkono wa kushoto.
Wenzangu hawalioni hilo.
Mimi ndiye ninayewaambia watu, "Vuta pumzi, ishike, usitikisike,"
kisha bega linajitokeza kwenye kioo, jeupe,
linasema yote ambayo mwenyewe alikuja kuyakana.
La Lonnie sijalipiga picha. Naweza kulichora.

Siku ya kwanza, kila mpira alionirushia niliukwepa.
Si woga. Ni Morogoro.
Ni Mji Mpya, nyuma ya kanisa, soksi iliyoshindiliwa matambara,
Tausi huku, Bertha kule, mimi katikati
najaza chupa mchanga kwa kiganja,
jicho moja kwenye shingo ya chupa, jingine kisogoni.
Nilikuwa siguswi. Walichoka wao, wakasingizia giza.

"Simama hapo hapo," Lonnie akasema.
Mwili ukakataa. Mwili una kumbukumbu zake, hauombi ruhusa.
"Sijapata kuona mtu anayekwepa hivi," akasema,
"ila huu si mchezo wa kukwepa."

Jumatano usiku, kila mtu na barafu yake gotini,
akaja kukaa karibu. "Wewe ndiye wa eksirei?"
Nikamwambia ainue mkono. Ukafika usawa wa sikio, ukagoma.
"Hapo," akasema, "ndipo nilipokuwa naanzia."
Akacheka. Nilicheka kidogo nyuma yake, kwa adabu.

Jumamosi tukacheza na wazee.
Mpira ukamponyoka vidoleni, nikauona unakuja,
nikaona hadi mshono mwekundu ukizunguka;
muda ulikuwepo, wa kujaza nusu chupa.
Sikukwepa.
Ukanipiga pajani, puu, kama mchi kwenye kinu kitupu.

Nikavua helmeti, nikaanza kutoka.
Watu arobaini na mbwa mmoja wakapiga kelele: siko huko!
Mwamuzi ananyoosha kidole kwenye kituo cha kwanza.

Kwetu ukipigwa umekufa, unampisha mwenzio.
Huku ukipigwa, unapewa pa kusimama.

Nikaenda nikichechemea, sina haraka,
miaka hamsini na minne, na mangapi niliyoyapisha
yakapita ubavuni, safi, bila kunigusa,
na chupa yangu sijui niliiacha wapi.
Lonnie akashuka kilimani kwake, kofia kifuani, samahani, samahani,
akainua ule mkono mbovu kuniomba radhi.
Usawa wa sikio.

Jumatatu, Toledo, zamu ya asubuhi.
Wenzangu wanataka kunipiga picha, wahakikishe.
Nawaambia mfupa mzima, naujua.
Saa nne naenda msalani, napandisha gauni:
zambarau, ukingoni manjano, na alama za mshono, tisa.
Nazihesabu tena.
Zisije zikapona upesi.