Shamba Linalozaa Mawe

Simu zetu kumi na mbili
Vaike alizitia kwenye ndoo ya maziwa,
akafunika kwa kifuniko cha bati,
akaipandisha ndoo juu ya kabati la jikoni.
Siku ya kwanza ilinguruma mara arobaini,
Kaur alihesabu.
Siku ya tatu ikanyamaza
nasi tukaanza kuwasikia ng'ombe.

Kazi yetu ni mawe.
Huku kusini mwa Estonia, upande wa Võru,
shamba huzaa hata mwaka linapopumzishwa:
baridi hushuka udongoni, ikaganda, ikavimba,
ikalisukuma jiwe juu kidogo kidogo
kama jino la mtoto.
"Mwaka jana tuliyaokota yote," alisema Vaike,
"na mwaka juzi yote. Na babu yangu, yote."
Hakucheka. Akatugawia glavu.

Mirtel alitoka Tallinn na viatu vyeupe.
Adhuhuri ya kwanza havikuwa vyeupe,
adhuhuri ya pili havikuwa viatu.
Akapewa buti za mpira za marehemu mume wa Vaike,
namba arobaini na tatu.
Akazishindilia magazeti, akatembea kama bata,
na mtu wa kwanza kumcheka
alikuwa yeye mwenyewe.

Unainama. Unashika. Unainuka. Unatupa.
Trekta la Endel linajikokota, tela nyuma,
jiwe juu ya jiwe, ko, ko,
na mgongo, ambao sikuwahi kujua ninao,
unaniita kwa jina.
Nina miaka kumi na mitano.
Viganja vyangu vimeota sugu nne;
nazionyesha kwa watu kama pete.

Usiku hauingii. Saa tano, na mwanga bado
umeegemea misonobari kama mgeni asiyeaga.
Mbu wanatusoma ukurasa kwa ukurasa.
Tunakula viazi vipya kwa siagi, maziwa ya mgando,
mkate mweusi mzito kama shamba lenyewe.
Kaur akauliza: "Kuna faida gani
kuokota kitu kinachorudi?"
Endel akafuta mdomo, akampeleka ghalani,
akamwonyesha ukutani meno ya plau, yote yamevunjika.
Wakarudi. Kaur akaomba kiazi kingine.

Siku ya tisa
sururu ya Hardi iligonga kitu kisicho na mwisho.
Tukachimba hadi chakula cha mchana.
Tukachimba hadi kahawa.
Tukapata bega. Tukapata mgongo.
Miguu hatukuiona.
Endel akafunga mnyororo, akakanyaga mafuta,
trekta likainua magurudumu ya mbele kama farasi aliyetishwa,
mnyororo ukakatika, ukaruka juu ya vichwa vyetu
na hakuna aliyesema neno
mpaka kunguru aliposema.

Vaike alikuja na birika. Akalitazama shimo,
akatutazama sisi, akatuhesabu kwa kidole: kumi na wawili, wazima.
Kisha akaketi juu ya lile jiwe, akajimiminia kahawa.
"Hili linakaa," alisema. "Tutalizunguka."
Tukapanda mmoja mmoja. Lilikuwa na joto
la jua la siku nzima, na lilitutosha wote,
hata buti za Mirtel.

Siku ya mwisho ndoo ilishuka kabatini.
Simu zilinuka maziwa. Tukapewa bahasha,
tukahesabu kwenye basi, tukahesabu tena.
Nyumbani, mashine ya kufulia ilipiga kelele;
mama akachomoa mfukoni mwa suruali yangu
jiwe la kijivu, dogo, lenye mshipa mwekundu.
"Hiki ni nini?"
"Mshahara," nikamwambia.

Leo ni Machi. Theluji imefika magotini,
darasani wanazungumzia mitihani,
na mimi nasikiliza mbali, chini,
kule ambako kitu kigumu kinasogea
upana wa ukucha.
Kaur ameniandikia neno moja: "Unakwenda?"
Sijamjibu.
Natafuta glavu.