Nipe Mji

Mji huu unaitwa Mashua
na hauna bahari. Hata mto wake
waliufunika kwa saruji, ukapotelea chini ya viwanda.
Łódź. Tamka "wuch", na ulimi usihangaike
na herufi zilizoandikwa.

Januari. Gari letu liko nyuma ya stesheni ya Kaliska.
Jagna anamimina supu ya viazi,
mimi napima presha juu ya makoti matatu,
maana hapa kuvua koti
ni kuhama nyumba.

Bwana Zenobiusz hataki supu.
Meno yanamcheza, anasema.
Miguu inamuuma kama imetwangwa.
Halafu haraka, kabla sijauliza:
"Sikupigwa."

Karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nane:
amelewa, ameanguka.
Ya pili: amelewa, amepigana.
Ya tatu ina tarehe, na lile neno la kwanza tu.
Na leo kweli kanywa, sitamtetea kwa uongo.
Lakini pombe haisokoti malaika wa mguuni.

Niliinama na tochi ya simu.
Kila kinyweleo kimejipinda kama kizibuo cha chupa,
na shinani mwake tone la damu,
dogo, kama mtu katoboa kwa sindano
huku akihesabu.
Kovu la goti, la mwaka themanini na moja,
lilikuwa linafunguka upya
kana kwamba mwili umesahau
kwamba uliwahi kupona.

Hapo ndipo nikamsikia Profesa Szymczyk,
wodi namba nne, chaki kwenye mkono wa koti.
Yule hakufundisha. Alitega.
"Ugonjwa wa mabaharia. Mgonjwa hajawahi kuiona bahari. Ni nini?"
Tulicheka. Tukashindwa. Tukampa mji,
akaukataa, akataka jibu.
Akatuweka mpaka saa mbili usiku
tukichora unywele mmoja,
mmoja tu, ujaze ukurasa.
Nilikosa treni. Nilimchukia
kwa moyo mweupe kabisa.

"Kiseyeye," nikasema,
kwa sauti, kama mwanafunzi aliyeitwa jina.
Jagna akaacha kumimina.

Unakula nini, Bwana Zenobiusz?
"Chai. Mkate. Siagi ya bandia, ikipatikana."
Tangu lini?
Akatazama reli.
"Tangu Apolonia."

Nikatoa damu, hiyo ni ya kuwaridhisha wakubwa;
jibu sikulingoja.
Vidonge vyenyewe vyeupe, vichachu,
bei ya tiketi mbili za tramu.
Jagna akaongeza chupa ya maji ya kabichi chachu
kutoka pipa la mama yake,
akamwamuru anywe mbele yetu.
Alikunja uso kuliko alivyowahi kuukunjia vodka.

Baadaye akaniambia kazi yake ya zamani:
fundi wa mitambo ya kufuma, miaka ishirini na sita.
Ukumbi mzima ukinguruma,
uzi mmoja ukikatika
aliusikia kabla hajauona.
"Nani alikufundisha wewe kusikiliza mguu?"
Nikasema, mzee mmoja mkorofi.
"Wangu pia," akasema, "alikuwa mkorofi."

Siku ya tisa alikuja na tufaha.
Aliling'ata mbele yangu, akaligeuza kwenye taa:
alama za meno, nyama nyeupe,
hakuna wekundu.
Kisha akala lililobaki, na kokwa zake.

Nimetegua, basi. Mji umebaki kwangu,
kanuni ya mchezo ndiyo hiyo.
Ningempa yeye,
walau chumba kimoja cha huo mji, chenye mlango,
lakini nilichonacho mfukoni
ni ufunguo wa gari,
na saa nne lazima tulirudishe.